Sitara ya Msafiri na Mashine ya Kutazama Miili

Msafiri wa leo anayesimama ndani ya kile kibanda cha vioo katika uwanja wa ndege, nyayo zake juu ya alama za miguu zilizochorwa sakafuni na mikono yake imeinuliwa juu ya kichwa, huenda akadhani kwamba ubishi juu ya mashine hiyo ulizaliwa katika viwanja vya ndege, na kwamba ulikwisha siku nyingi kwa busara ya wataalamu. Dhana zote mbili hazina msingi. Ubishi huu una umri mkubwa kuliko ndege yenyewe, na pale ulipopata nafuu, nafuu hiyo ililetwa na watu waliokataa. Nimeazimia kuisimulia tarikhi yake tangu asili kwa kuwa ndani yake mna jambo ambalo waandikao habari za usalama hulipita upesi, nalo ni kwamba njia za kuondoa sitara ya mwili wa binadamu zilishika mizizi kwanza juu ya watu wasio na uwezo wa kusema hapana, na malalamiko yao hayakutiwa maanani hata zilipowafikia watu wenye sauti.

Mwanzo wa habari ni Kimberley, kusini mwa Afrika, katika miaka ya 1880. Almasi ni kitu kidogo mno chenye thamani kubwa mno. Hufichika katika pindo la nguo, katika nywele, kati ya vidole vya miguu, kinywani, na hata tumboni mwa mtu aliye tayari kuimeza na kuingoja. Na wenye migodi, ambao waliona sehemu ya mali yao ikitoweka kwa njia za magendo, walishika shauri kwamba kila atokaye shimoni avue nguo zake apekuliwe. Amri hiyo ilipotiwa nguvu mwaka 1883, ikawagusa wafanyakazi weupe pamoja na weusi, weupe waliiona kuwa ni izara isiyovumilika, wakaweka zana chini wakagoma. Mwaka 1884 waligoma tena, na safari hii damu ilimwagika: wagomaji walipigwa risasi, na sita kati yao wakafa. Baada ya msiba huo makali ya amri yaliondolewa kwa wafanyakazi weupe.

Ama weusi, ambao walikuwa wengi zaidi na ambao jasho lao ndilo lililouchimba mgodi, wao walijengewa makambi yenye kuta, kuanzia mwaka 1885, wakakaa humo muda wote wa mkataba bila ruhusa ya kutoka nje. Na mkataba ulipokaribia kwisha, mtu alifungiwa siku kadhaa katika chumba, uchi, akiwa na blanketi tu la kujifunika, mikono yake imetiwa ndani ya glavu za ngozi zisizo na vidole, na choo chake kikachunguzwa, hata msimamizi aridhike kwamba hakuna jiwe lililobaki tumboni. Nimelieleza jambo hili kwa urefu kwa sababu hoja ya wale wagomaji weupe ilikuwa hoja ya haki. Mtu asiyetuhumiwa kwa kosa hapasi kuvuliwa nguo kwa sababu tu ya kazi aifanyayo au njia aipitayo. Dhuluma ilikuwa katika hesabu ya wenye migodi, waliokubali hoja hiyo kwa watu wa rangi moja na kuinyima masikio ilipowahusu watu wa rangi nyingine, ilhali fedheha ya uchi haibagui rangi.

Tarehe 8 Novemba 1895, huko Würzburg katika nchi ya Ujerumani, Wilhelm Röntgen aligundua mionzi ambayo sisi huiita eksirei, na kabla mwaka haujaisha alikwisha piga picha ya mkono wa mkewe, mifupa ikionekana wazi na pete ikiwa nyeusi katika kidole. Waganga waliipokea habari hiyo kwa furaha, nao walikuwa na sababu. Lakini wenye migodi pia walielewa upesi faida ya mionzi ipitayo katika nyama, na katika karne ya ishirini wafanyakazi wa migodi ya almasi kusini mwa Afrika walikuwa wakipigwa eksirei wanapotoka, si kwa ugonjwa wala kwa tiba, bali kwa shaka ya jumla iliyomwangukia kila mmoja wao. Mionzi ya aina hiyo haifai kumpiga mtu mara kwa mara, na kwa hiyo wahandisi wa kampuni za almasi walitafuta mashine itumiayo mionzi michache mno. Waliyoipata ikaja kufaa hospitalini, ikajaribiwa katika Groote Schuur mjini Cape Town kwa majeruhi wa ajali, nayo inaokoa maisha hata leo. Nafurahi kwa ajili ya majeruhi hao, ila chanzo cha mashine ni kile kile, nacho ni mchimbaji aliyedhaniwa mwizi.

Miaka ya mwanzo ya 1990, mtu mmoja wa Marekani, Steven Smith, alibuni mashine iliyokuja kuitwa Secure 1000, nayo ilifanya kazi kwa namna nyingine. Eksirei yake ilikuwa dhaifu, haikupenya mwilini kwa kina. Uzi mwembamba wa mionzi ulipita juu ya mtu, mstari baada ya mstari, ukapenya nguo kana kwamba hazipo, ukagonga ngozi, ukarudi nyuma, na vyombo vya kupokea vikaukusanya na kuufanya taswira. Katika taswira hiyo chuma kilionekana cheusi, plastiki na unga vikajitenga na ngozi, na mwili wenyewe ukaonekana wote: matiti, viungo vya siri, nepi ya mzee, mfuko wa mgonjwa aliyetolewa kibofu, titi la bandia la mwanamke aliyenusurika na saratani. Hakuna nguo iliyovuliwa na hakuna mkono uliogusa, na waliouza mashine hiyo walilisema hilo kwa fahari. Nadhani palikuwa na ghururi katika fahari hiyo, kwa kuwa aliyefumwa bila nguo na aliyetazamwa kupitia nguo zake wote wawili wameonwa.

Mashine ya Smith ilianza kazi yake magerezani na katika ofisi za forodha. Mwaka 1998 baraza la wataalamu waishaurio serikali ya Marekani kuhusu mionzi liliketi kuijadili, na baadhi ya wajumbe walitaabika kwa jambo moja la msingi: desturi ya sayansi yao ilikuwa kwamba mtu hapigwi mionzi, hata iwe kidogo namna gani, isipokuwa kwa manufaa ya afya yake mwenyewe, na hapa palikuwa na watu watakaopigwa mionzi kwa manufaa ya wengine. Mvumbuzi aliwaambia kuwa hakutarajia kuiona katika viwanja vya ndege kwa miaka ya karibu. Serikali haikuweka sheria ya lazima. Iliacha watengenezaji wajiwekee kanuni za hiari, na mlango ukabaki wazi.

Wakati huo huo Idara ya Forodha ya Marekani ilikuwa na kashfa mikononi mwake. Wanawake weusi, raia wa nchi hiyo waliokuwa wakirudi nyumbani kutoka safari za nje, walilalamika kuwa wanatengwa katika foleni, wanapapaswa, wanavuliwa nguo, na wengine wanapelekwa kupigwa eksirei ya tumbo kwa tuhuma ya kumeza dawa za kulevya. Ofisi ya ukaguzi ya Bunge lao ilichunguza, na taarifa yake ya Machi 2000 ilithibitisha waliyoyasema: miongoni mwa raia waliokwisha papaswa, mwanamke mweusi alikuwa na uwezekano mara 9 zaidi ya mwanamke mweupe wa kupigwa eksirei, ilhali uwezekano wa kukutwa na kitu cha haramu ulikuwa chini ya nusu ya ule wa mwanamke mweupe. Msomaji na aisome tena hesabu hiyo kwa utulivu. Na dawa iliyotolewa ilikuwa nini? Katika baadhi ya viwanja vikubwa mtuhumiwa alipewa hiari ya kutazamwa kwa mashine ya eksirei badala ya kupapaswa. Yaani mwenye kudhulumiwa aliulizwa anapenda dhuluma ipi. Watetezi wa haki za raia walipinga wakati ule, wakisema kuwa mashine inayoonyesha uchi ni upekuzi wa uchi. Magazeti yaliandika kidogo, kisha yakanyamaza.

Katika viwanja vya ndege vyenyewe mambo yalikwenda polepole. Utekaji nyara wa ndege ulipozidi, Marekani iliamuru kwamba tangu tarehe 5 Januari 1973 kila abiria apite penye chombo cha kugundua vyuma na mizigo yake ikaguliwe. Watu walinung'unika, wakazoea, kwani lango lile hulia penye chuma na halionyeshi chochote cha mwili. Baada ya tarehe 11 Septemba 2001 iliundwa idara mpya ya serikali ya kusimamia usalama wa safari, na idara hiyo, pamoja na wenzake wa Ulaya, ilianza kuitazama mashine ya magerezani kwa macho ya tamaa. Mwaka 2007 mashine ya eksirei ilijaribiwa mjini Phoenix, na katika uwanja wa Schiphol, Amsterdam, ikajaribiwa aina ya pili, iliyotokana na utafiti wa maabara ya serikali katika jimbo la Washington, ambayo haitumii eksirei bali mawimbi mafupi ya redio yenye urefu wa milimita chache.

Yafaa ikumbukwe, kwa maana imesahauliwa mno, kwamba katika miaka miwili iliyofuata wawakilishi wa watu wa pande zote mbili za bahari walizipinga skana hizo kwa kura za wazi. Kamisheni ya Ulaya ilipotaka kuziingiza katika orodha ya njia halali za ukaguzi kana kwamba ni jambo la ufundi tu, Bunge la Ulaya lilisimama tarehe 23 Oktoba 2008, kwa kura 361 dhidi ya 16, likisema kuwa jambo hilo lagusa haki za binadamu na haliwezi kupitishwa bila mjadala juu ya afya, faragha na hadhi ya mtu. Na Kamisheni ikaurudisha nyuma mswada wake. Mwezi Juni 2009 Baraza la Wawakilishi la Marekani, kwa kura 310 dhidi ya 118, lilikubali pendekezo la mjumbe wa Utah, Jason Chaffetz, la kukataza skana za mwili zisiwe njia ya kwanza ya kumkagua kila abiria. Pendekezo hilo halikupitishwa na Seneti, lakini idadi ya kura yatosha kuonyesha kuwa waliopinga hawakuwa kikundi cha wachache wenye wasiwasi.

Kisha ikaja siku ya Krismasi ya 2009. Kijana wa Nigeria, Umar Farouk Abdulmutallab, aliyesafiri kutoka Lagos na kupanda ndege nyingine Amsterdam kuelekea Detroit, alijaribu kulipua baruti aliyoishona katika chupi yake. Baruti haikulipuka ipasavyo, abiria wakamrukia, na watu wote wakashuka salama. Dunia iliijua habari hiyo kwa saa chache. Iliyochukua muda kujulikana ni kwamba baba yake mzazi alikwenda mwenyewe katika ubalozi wa Marekani mjini Abuja mwezi mmoja kabla, akawaambia kuwa anamhofia mwanawe. Na maneno ya mzee yule, ambayo sidhani kama pana ushahidi mzito zaidi ya ule wa baba juu ya mtoto wake, yalilala katika mafaili, na kijana akabaki na viza yake. Kosa lilikuwa la watu walioshindwa kulitumia neno waliloambiwa. Pamoja na hayo, dawa iliyotangazwa ilikuwa ni mashine. Marekani, iliyokuwa na skana zipatazo 40 tu, iliamua kununua mamia. Uholanzi ikatangaza kuwa abiria wa kwenda Marekani watapitishwa ndani yake. Nigeria nayo ikaziagiza. Michael Chertoff, aliyekuwa Waziri wa Usalama wa Ndani wa Marekani hadi mwanzoni mwa mwaka ule, alizisifu katika televisheni, kisha ikabainika kuwa kampuni yake ya ushauri ilikuwa na mteja miongoni mwa wanaoziunda.

Uingereza ilikwenda mbali kuliko wote. Kuanzia Februari 2010, katika viwanja vya Heathrow na Manchester, aliyechaguliwa kuingia katika skana akakataa hakuruhusiwa kupanda ndege, wala hakupewa njia nyingine. Wiki chache baadaye wanawake wawili waliokuwa wakielekea Islamabad walikataa mjini Manchester, mmoja wao Mwislamu aliyetaja dini yake, mwingine akataja sababu za afya. Wote wawili waliikosa safari yao, wakarudi nyumbani. Hawakufanya ghasia. Walisema hapana, wakalipa gharama yake, na mimi nawahesabu miongoni mwa watu wa kuheshimiwa katika habari hii.

Kwa msomaji wa pwani yetu hoja ya mwanamke yule wa kwanza haihitaji tafsiri ndefu. Katika sheria ya Kiislamu kuna sehemu za mwili ambazo ni faradhi kuzisitiri mbele ya macho ya mtu baki, mwanamume na mwanamke kila mmoja kwa kiasi chake, na dharura peke yake ndiyo ihalalishayo kuzifunua, tena kwa kadiri ya dharura hiyo bila kuzidisha: mganga huona mahali penye jeraha, hatazami mwili mzima. Mwezi Februari 2010 baraza la fukahaa wa Amerika ya Kaskazini lilitoa fatwa kwa msingi huo. Likasema usalama wa safari ni jambo la haki na la kuungwa mkono, lakini taswira ionyeshayo uchi hairuhusiwi maadamu kuna njia nyingine, na Mwislamu achague kupapaswa na mtu wa jinsia yake. Kisha likaomba watengenezaji wabuni programu itakayoonyesha umbo la mchoro tu. Wala si Waislamu peke yao walioona hivyo. Marabi wa Kiyahudi walitoa rai iliyokaribiana na hiyo, na Papa Benedict wa Kumi na Sita, akizungumza mwezi huo huo na wafanyakazi wa viwanja vya ndege, alikumbusha kwamba hadhi ya mwanadamu haina budi kulindwa hata penye tishio la ugaidi. Na polisi wa Dubai, mji ambao maelfu ya watu wetu hupita kila mwaka kwa biashara na kwa kazi, walitangaza mwaka ule kuwa hawatazitumia skana hizo kwa sababu ya faragha na mila ya dini. Ombi la fukahaa wale wa Amerika lilionekana dogo lilipotolewa. Miaka miwili baadaye lilikuwa ndiyo sheria.

Mlipuko wenyewe wa ghadhabu ulitokea Marekani mwishoni mwa 2010. Idara ya usalama wa safari ilikuwa inamruhusu abiria kuikataa skana, lakini tangu mwisho wa Oktoba aliyekataa alipapaswa kwa namna mpya, kwa viganja, hadi mapajani na sehemu za siri, na watu wengi waliona kuwa upapasaji huo umefanywa mkali ili wachague mashine. Mzee mmoja aliyekwisha ugua saratani ya kibofu alipapaswa mjini Detroit hata kifuniko cha mfuko wake wa mkojo kikang'oka, akapanda ndege nguo zikiwa zimelowa. Mhudumu wa ndege, mwanamke aliyetibiwa saratani, aliambiwa huko Charlotte atoe na kuonyesha titi lake la bandia. Chama cha marubani wa shirika moja kubwa kiliwashauri wanachama wake wasiingie katika skana za eksirei, kwa kuwa rubani angepigwa mionzi kila siku ya kazi. Siku moja kabla ya sikukuu ya Novemba, mojawapo ya siku ambazo Wamarekani husafiri kwa wingi, watu walihimizana kuikataa mashine kwa pamoja. Waliokataa siku hiyo walikuwa wachache kuliko ilivyotarajiwa, kwani mtu aliye njiani kwenda kwa mama yake haoni raha kuchelewesha foleni. Lakini kishindo cha wiki zile kilikuwa kimekwisha kufika bungeni.

Serikali ilikuwa imeahidi kuwa taswira hazihifadhiwi. Shirika moja la kutetea faragha mjini Washington, EPIC, liliishitaki serikali likapata hati zilizoonyesha kuwa mashine ziliagizwa zikiwa na uwezo wa kuhifadhi na kupeleka taswira, ingawa idara ilieleza kuwa uwezo huo ni wa majaribio tu. Kisha ikajulikana kwamba walinzi wa mahakama moja ya serikali kuu mjini Orlando, waliokuwa na mashine kama hizo mlangoni, walikuwa wamehifadhi taswira zaidi ya 35,000. Na mwezi Novemba 2010 taswira 100 kati ya hizo zilichapishwa zikaonwa na ulimwengu. Zilikuwa hafifu, hazikuonyesha mwili kwa undani wa zile za viwanjani, lakini ahadi ilikuwa imekwisha vunjika.

Katika hoja ya afya napenda kusema kwa uangalifu, maana ndiyo iliyotiwa chumvi na pande zote mbili. Mwezi Aprili 2010 wanasayansi wanne wa Chuo Kikuu cha California mjini San Francisco, akiwemo John Sedat, waliiandikia Ikulu ya Marekani wakieleza kuwa kipimo cha eksirei kilichotangazwa kilihesabiwa kana kwamba kinaenea mwili mzima, ilhali mionzi hii dhaifu hukusanyika katika ngozi. Serikali ilijibu kuwa kipimo ni kidogo mno, karibu sehemu ya kumi ya maikrosiveti moja, ambacho abiria hukipata kutoka angani kwa dakika chache za safari yenyewe. Jibu hilo kwa mtu mmoja latuliza moyo, wala sidai kwamba kuna aliyeugua. Ila mashine ya mawimbi ya milimita, isiyo na eksirei kabisa, ilikuwapo tangu mwanzo na ilifanya kazi ile ile, na hapakuwa na haja ya kuwapiga mamilioni ya watu mionzi, hata kidogo, kwa jambo lililowezekana bila mionzi. Ulaya ililikubali hilo: kanuni zake za Novemba 2011 ziliruhusu skana, zikakataza zile za eksirei.

Mahakama ya rufaa ya Washington ilitoa hukumu yake katika kesi ya EPIC tarehe 15 Julai 2011, ikiandikwa na Jaji Douglas Ginsburg. Iliiambia serikali kwamba ilikosea kuweka mashine hizo bila kwanza kuwauliza wananchi rai yao kama sheria itakavyo. Ama kuhusu swali kubwa, la nyongeza ya Katiba iliyothibitishwa mwaka 1791 inayomlinda raia na upekuzi usio na sababu, mahakama iliona kuwa usalama wa ndege unazidi uzito. Na mojawapo ya mambo yaliyoipa mizani hiyo utulivu ni kwamba abiria ana hiari ya kukataa skana na kupapaswa. Hukumu hiyo ilisimama juu ya hiari, na hiari yenyewe, kama tutakavyoona, haikuwekwa mahali imara.

Bunge la Marekani, lililokuwa limechoshwa na malalamiko, liliamuru kwa sheria ya Februari 2012 kwamba kila skana iwe na programu ya kuficha umbo: afisa asione mwili, ila mchoro mmoja ulio sawa kwa watu wote, wenye alama mahali penye shaka. Mashine za mawimbi ziliweza kubadilishwa, za eksirei zikashindwa, na kufikia katikati ya 2013 zile za eksirei, zipatazo 250, zilikuwa zimeondolewa viwanjani. Nasema bila kusita kuwa huu ulikuwa ushindi, na walioshinda ni watu wa kawaida waliokataa: wanawake wawili wa Manchester, marubani, wagonjwa waliothubutu kuitaja fedheha yao hadharani. Lakini nyingi za mashine hizo hazikuvunjwa. Ziligawiwa jela na magereza ya majimbo, yakiwemo Iowa, Louisiana na Virginia, ambako anayesimama mbele yake hana tikiti ya kurudisha wala mjumbe wa bunge anayeogopa kura yake.

Je, baada ya gharama yote hiyo, mashine ililinda ndege? Ujerumani ilizijaribu skana za mawimbi mjini Hamburg kuanzia Septemba 2010, zikalia kwa mikunjo ya nguo na kwa jasho, na mwaka uliofuata waziri akaahirisha kuzieneza. Mwaka 2014 watafiti wa vyuo vikuu vya Marekani waliojinunulia Secure 1000 iliyotumika walionyesha kuwa mtu mjanja angeweza kupita na silaha iliyofungwa ubavuni, ikapotea katika weusi wa mandhari ya nyuma ya picha, au na baruti laini iliyotandazwa tumboni. Na mwezi Juni 2015 ilivuja habari ya majaribio ya siri ya wakaguzi wa serikali wenyewe, ambao kati ya mara 70 walipita na vitu vilivyokatazwa mara 67. Upungufu huo si wa skana peke yake, kwa kuwa macho na mikono ya watu navyo vilijaribiwa. Lakini aliyevumilia kutazamwa kwa kuambiwa kuwa ndiyo bei ya usalama ana haki ya kujua alinunua nini.

Mchoro usio na uchi umeondoa fedheha ya macho, haujaondoa ya vidole. Kwa miaka mingi afisa alibonyeza kitufe cha mwanamume au cha mwanamke kabla ya mtu kuingia, na ambaye mwili wake haukuafikiana na kitufe alitolewa alama, akapapaswa. Mwaka 2019 waandishi wa Marekani walieleza jinsi mashine zinavyotoa alama kwa nywele za wanawake weusi, zilizosukwa au zilizoachwa kama zilivyo, na jinsi vidole vya maafisa vinavyochimba katika nywele hizo mbele ya umati. Vilemba vya Masingasinga na hijabu navyo vina kisa hicho hicho. Wale waliotangulia kulalamika katika ofisi za forodha ndio ambao hata miaka mingi baadaye mashine iliendelea kuwasimamisha.

Na ile hiari? Tarehe 18 Desemba 2015 idara ya usalama wa safari ya Marekani ilitangaza kuwa inaweza kuwalazimisha baadhi ya abiria kuingia katika skana hata wakikataa. Kanuni ambayo mahakama iliiamuru tangu 2011 ilitoka Machi 2016, baada ya wananchi zaidi ya 5,000 kuandika rai zao, wengi wakipinga. Iliandikwa humo kuwa mashine lazima iwe na programu ya kuficha umbo, lakini haki ya abiria kukataa haikuandikwa. Uingereza, ambayo ilikuwa kali mno, ililegeza Novemba 2013, ikaruhusu anayekataa apekuliwe faraghani. Katika nchi za Umoja wa Ulaya haki iliwekwa ndani ya kanuni yenyewe ya 2011: abiria ataarifiwe juu ya mashine kabla ya kuingia, aambiwe kuwa anaweza kukataa, na akikataa akaguliwe kwa njia nyingine, angalau kwa mikono. Kwa hiyo ndugu yetu atokaye Nairobi au Dar es Salaam akabadilisha ndege Amsterdam au Paris, ikiwa kwa imani yake, kwa ugonjwa wake au kwa kutopenda tu hataki kuingia katika kibanda kile, anaweza kulisema neno hilo kwa afisa kwa adabu na bila hofu, na sheria ya mahali hapo iko upande wake. Akifika New York, atakachokuwa nacho ni ruhusa ya idara, ambayo idara yaweza kuiondoa.